UZI: Nimesoma riwaya za kutisha, za kipelelezi na zile nzito, iliyonitia hofu kuliko zote haina jini hata mmoja

Habari za saa hizi wakuu.

Huu uzi nimekaa nao kichwani muda mrefu sana, kila nikitaka kuandika wateja wanaingia. Leo umeme umekatika huku Mwanza tangu saa moja, duka nimefunga, simu ina chaji ya kutosha, basi naushusha wote, mwenye haraka apite na mwenye nafasi avute kiti. Mimi si mwalimu wa fasihi, nauza vipuri vya pikipiki, ila kwenye droo ya kaunta hakukosi kitabu na nasoma tangu niko darasa la sita. Nataka niongelee riwaya za aina tatu, za kutisha, za kipelelezi na kijasusi, na zile ambazo watu wanaziita nzito, na nitasema ninavyoona mimi bila kumung'unya maneno. Kuna sehemu nitafichua ya ndani ya kitabu, kama hujakisoma na unataka kukisoma ruka hiyo aya.

Niseme kabisa ninakoelekea. Kitabu kilichowahi kunitia hofu ya kweli, ile ya kufunga kitabu ukakaa unaangalia ukuta, ni Kichwamaji cha Euphrase Kezilahabi, cha 1974. Hizi hadithi za majini tunazotumiana kwenye magrupu kila jioni hazijawahi kunifanya hata nigeuke nyuma. Nimejiuliza sana kwa nini.

Nianze na za kipelelezi maana ndo zilinifundisha kusoma. Mjomba wangu alikuwa dereva wa lori, chini ya kitanda chake kulikuwa na katoni la vitabu, vingine havina kava, vingine vina alama za oili. Humo ndo nilikutana na jasusi Willy Gamba wa Elvis Musiba, mpelelezi Joram Kiango wa Ben Mtobwa, na James Hadley Chase za Kiingereza ambazo sikuzielewa ila niliangalia picha za kwenye kava nikabaki nazo.

Willy Gamba nampenda lakini tuwe wakweli. Ukishamaliza Kufa na Kupona ukaingia Kikosi cha Kisasi, kile cha Kinshasa, tayari unajua huyu mtu hafi, risasi zinampitia pembeni, na mwanamke yeyote akitokea kwenye ukurasa ujue ama atalala naye ama atamsaliti, mara nyingi vyote viwili. Hakuna mwanamke anayeachwa awe mtu tu mwenye mambo yake. Nikiwa na miaka kumi na tano sikuliona hilo, saivi nina binti nimeliona na linaniuma. Lakini kuna kitu kimoja nitakitetea mpaka kesho. Vijana wanasema zile habari za majasusi wa makaburu kuzunguka Afrika Mashariki ni chumvi. Jamani, Dar ndo yalikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, ule Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO waliopigania uhuru wa Msumbiji, aliuawa Dar Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Kitabu! Kimekuja kama kifurushi, kafungua. Kwa hiyo Musiba hakutoa hofu yake hewani, msomaji wa 1974 alikuwa anaishi mji ambao hayo yametokea. Nikikumbuka hilo namsamehe mengi.

Mtobwa kwa sentensi namuweka juu ya Musiba, sina ubishi hapo. Ile Tutarudi na Roho Zetu? hata jina lake limekaa kama swali unalojiuliza kwenye basi linaloovateki kwenye kona. Ila kazi yake bora kwangu ni Dar es Salaam Usiku, maana pale hakuna shujaa wa kuokoa kila kitu, kuna mji na watu wake wa usiku, unanusa jasho na bia. Nilivyoisoma sikuwahi kukanyaga Dar. Nilivyoshuka stendi mara ya kwanza nilikuwa naiogopa tayari, na sikuwa nimekosea sana.

Chase yeye nilikuja kumsoma baadaye Kiingereza kilipokaa. Anakimbiza, hachoshi, ila ukimaliza hakuna kinachobaki. Nikaja kujua kumbe ni Mwingereza aliyekuwa anaandika habari za Marekani kwa kutumia ramani na kamusi za maneno ya mtaani ya kule. Nikasema ahaa. Ndo maana miji yake haina harufu.

Sasa Bwana Msa, mpelelezi wa vitabuni. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 50 ikatoka kitabu 1960. Watu wanasema kamuiga Sherlock Holmes, ni kweli, kiko kipo, rafiki wa kumsifia yupo ambaye ni Najum. Na nina lawama moja: mwishoni Bwana Msa anakalisha watu anaanza kufafanua, anafafanua, anafafanua, mpaka chai inapoa. Lakini angalieni alichofanya yule mzee. Mtu kakutwa amekufa mahali penye mzimu. Kila msomaji wa wakati ule, na wengi wa leo, ameshapata jibu, mzimu umemchukua. Mtunzi anakataa. Anakwambia tafuta binadamu, tafuta nani alikuwa na sababu. Hofu anaitumia kukuingizia mlangoni, halafu anakuonesha kwamba ukiibebesha mzimu mzigo wote kuna mtu mwenye damu mikononi anatembea huru. Mwaka 1960 huo.

Hapo ndo nataka tuingie kwenye za kutisha, na hapa najua nitawaudhi baadhi.

Hadithi nyingi za kutisha za Kiswahili ninazosoma mtandaoni zina kosa moja, zinaharakisha. Aya ya kwanza mvua, aya ya pili mlango unajifungua wenyewe, aya ya tatu mwanamke mwenye kwato. Huyo kijana anayetokewa simjui, sijui anamdai nani, mamake anaumwa nini, jana alikula wapi. Sasa akinyongwa na jini mimi inanihusu nini? Unaweza kuongeza damu lita ngapi sijui, mtu nisiyemjua akifa ni taarifa tu.

Halafu kuna kosa la pili ambalo kwangu ni zito zaidi. Mchawi kwenye hizo hadithi karibu kila mara ni bibi kizee, macho mekundu, anaishi peke yake. Wakuu, mimi ni mtu wa Kanda ya Ziwa. Huku bibi zetu wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu. Macho yenyewe yamekuwa mekundu kwa miaka hamsini ya kupuliza moto wa kuni na kinyesi cha ng'ombe kwenye jiko lisilo na dirisha. Bibi yangu mzaa baba alikuwa nayo hivyo hivyo, nakumbuka akitoka jikoni anafuta machozi kwa pembe ya khanga, anafuta jicho moja moja taratibu, halafu anatuita tule. Ukiandika kikongwe mwenye macho mekundu anaruka na ungo usiku, unampa mtu sababu. Nimeacha kusoma mwandishi mmoja mzuri tu kwa hilo, anajua kujenga tukio, lakini kila hadithi ni bibi. Siwezi.

Tuendelee, nilienda kuwasha mshumaa.

Kuna mdau kauliza kama nimesoma za wazungu au naongea tu. Nimesoma kiasi. Dracula ilinichosha katikati ila mwanzo wake, safari ya kwenda lile kasri na wanakijiji wanavyomwangalia yule mgeni kwa huruma, mzuri sana. Stephen King nimesoma kadhaa, na anayetaka kujifunza hofu inavyojengwa asome Pet Sematary, ya 1983. Niliinunua kwa wale wauza vitabu wa chini pale Posta Dar, nikaisoma na kamusi pembeni miezi miwili.

Stori yenyewe ni rahisi. Familia inahamia nyumba iliyo kando ya barabara kubwa, malori yanapita kwa kasi, nyuma msituni kuna makaburi ya wanyama wa watoto, na mbele ya hapo kuna ardhi ambayo ukizika kitu kinarudi, ila kinarudi vibaya. King mwenyewe aliwahi kupanga nyumba ya namna hiyo kule Maine, paka wa binti yake akagongwa barabarani. Na alishasema ndo kitabu kilichomuogopesha mwenyewe mpaka akakiweka kando kwanza. Kilichonimaliza mimi si paka anayerudi. Ni kwamba ukishafika pale mtoto anapogongwa, na baba anaanza kufikiria ile ardhi, wewe msomaji unajua ni kosa, unajua kabisa, na bado unamwelewa. Mimi nina watoto wawili. Nilikuwa namwambia asiende huku moyoni najua ningeenda. Malori mtunzi kakuonesha tangu kurasa za mwanzo, hajakuficha kitu, yamekuwa yanapita tu muda wote.

Sasa nirudi kwa Kezilahabi.

Rosa Mistika, 1971, ndo watu wengi wanaijua kwa sababu ilizuiwa mashuleni kwanza kabla ya kuja kusomwa na kila mtu. Tunaifundisha kama somo la malezi, wasichana kueni na adabu. Nilivyoirudia ukubwani nikaona siyo hivyo hata kidogo. Mwanzoni kabisa baba, Zakaria, anampiga binti yake Rosa kwa sababu ya barua. Barua ya mvulana. Baba huyohuyo mlevi, shamba limemshinda, mke wake Regina ndo anabeba nyumba. Anampiga ili amlinde, na kipigo hichohicho ndo kinamuandalia njia ya kupotea, maana msichana anafika shuleni hajui hata kusimama na mwanaume akaongea naye. Kuanzia hapo ni kama kuangalia mtumbwi unasukumwa taratibu kuelekea kilindini na mtu wa nchi kavu anapiga kelele zisizofika. Nilishawahi kuvuka na meli kwenda Nansio, Ukerewe, nimekaa kwenye reli nayaangalia maji nikawa namfikiria Rosa kama mtu niliyesoma naye.

Kichwamaji ndo ilinikamata shingo. Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu anayerudi nyumbani, ana kinyongo na Manase, mkuu wa wilaya, aliyeharibu maisha ya dada yake, na badala ya kitabu kuwa cha kisasi, kinageuka ndani. Kazimoto anaanza kuona hakuna kitu chini ya kitu. Dini haimshiki, mila haimshiki, elimu ndo kabisa. Anajiua. Kuna mtoto wa Manase aliyezaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi, na sehemu hiyo imeandikwa kwa sauti ya kawaida kabisa, hakuna radi, hakuna bundi. Mtu anakuonesha mtoto, basi. Nilisoma saa saba usiku, nyumba nzima imelala, nikasikia mwanangu anakohoa chumba cha pili nikaenda kumshika kichwa.

Hiyo ndo hofu ninayoisemea. Inatoka kwa mtu unayemjua tayari, ndani ya nyumba unayoifahamu, inakuja kwa mwendo wa kawaida.

Ila msidhani kila kizito nakisujudia. Nagona na Mzingile za huyohuyo Kezilahabi nimezijaribu mara tatu. Ni vitabu vyembamba, unadhani utavimaliza kwa siku moja, na kila nikifika katikati nakuta nimesoma sentensi nzuri kumi mfululizo na sijui niko wapi. Wapo wanaosema ndo kilele chake. Mimi nasema alipomuacha Zakaria na jembe lake akaenda kwenye mafumbo matupu aliniacha na mimi. Labda nitarudi nikiwa mzee.

Adam Shafi naye watu wanamweka rafu ya nzito na hawajui kwamba ni mwandishi wa kusisimua kuliko nusu ya wapelelezi wetu. Chukua Vuta N'kuvute, 1999. Yasmin, binti wa Kihindi wa miaka kumi na tano kaozwa kwa Bwana Raza mwenye miaka hamsini na mbili, anakimbia ndoa, anaingia kwenye maisha ya Denge ambaye anawindwa na polisi wa mkoloni. Zile sehemu za Denge kujificha na Inspekta Wright kumnusa nyuma, moyo unadunda, na hapa mtu anaweza kukamatwa kweli, siyo kama Willy Gamba. Halafu soma Haini. Ile imetokana na yaliyofuata baada ya Mzee Karume kuuawa Aprili 1972, na Shafi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliotiwa ndani. Mwandishi wa majini anahitaji kuku mweusi na makaburi, Shafi anahitaji mlango na mtu wa nje mwenye ufunguo.

Peponi ya Abdulrazak Gurnah pia, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, nimeisoma baada ya Nobel ya 2021 kama wengi tulivyofanya. Mtoto Yusuf anapandishwa treni na mjomba ambaye siyo mjomba, ni tajiri anayemdai baba yake. Mtoto hajui. Wewe umeshajua. Sihitaji kuongeza kitu.

Mdau mwingine kaniuliza, na swali lake ni zuri: "Kwa hiyo mkuu unataka tuache uchawi kabisa kwenye riwaya wakati watu wetu wanauamini?"

Hapana. Sijasema hivyo. Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed ina mfu kabisa, babu anatoka alikotoka anamjia mjukuu wake K, kigogo wa serikali, na inafanya kazi kwa sababu yule babu ana cha kumdai K. Mfu mwenye deni anatisha. Mfu anayekuja kufungua mabomba ya maji usiku hanitishi.

Na kuna riwaya moja naisubiri miaka yote hii haijaandikwa, au imeandikwa sijaiona. Ya msukule. Sisi tunayo kitu hii, mtu amekufa, amezikwa, halafu anasemekana anaonekana analima shamba la mtu usiku. Kila mara inaandikwa kutokea upande wa mganga au mchungaji anayekuja kumrudisha, kelele nyingi, mapepo yanalia. Iandikeni kutokea kwa mama.

Nikiwa mdogo mtaani kwetu alikuwepo mama mmoja, kijana wake alizama ziwani wakienda kuvua. Mwili ulipatikana siku ya tatu, tukazika, kaburi nimeliona, mimi mwenyewe nilibeba maji ya mafundi waliojengea. Kama miezi minne baadaye akatokea mtu akasema yule kijana kaonekana mahali, kavaa kaptula ileile. Sitaki kumlaumu aliyesema, huenda na yeye aliamini. Kuanzia jioni hiyo yule mama akawa anapakua sahani ya ziada. Ugali na dagaa, anafunika na bakuli la bati, anaweka kizingitini nje, anaingia anafunga mlango. Sisi watoto tulikuwa tunajua usiku mbwa wanakula, tulishawaona. Asubuhi anaikuta sahani iko mbali kidogo na ilipokuwa, anaiokota anaisugua kwa majivu pale nje, na ukipita ukamwamkia "shikamoo mama", anaitika marahaba halafu anakwambia leo kala vizuri.

Alifanya hivyo mpaka tunahama. Hakuna jini humo. Mwenye kipaji aichukue, nampa bure, ila amwandike yule mama kwa heshima na asimlete mganga mapema.

NYONGEZA: Mshumaa unaisha. Waliouliza vitabu vinapatikana wapi, vya Kezilahabi na Shafi vipo maduka ya vitabu vya shule maana vinatahiniwa, vya Musiba na Mtobwa bahati yako na wauza mitumba. Kagueni kabla ya kulipa. Mimi niliuziwa Kisima cha Giningi mikono salama kabisa, kava safi, kufika nyumbani nakuta kurasa za mwisho hazipo na aliyeniuzia kazibana zilizobaki kwa stepla ili nisigundue. Ni Bwana Msa, na mimi mpaka leo sijui mwisho wake. Mwenye nakala nzima aje inbox, nanunua au nakodi wiki moja narudisha, na tafadhali msiniambie mwisho huku kwenye komenti.